Majina Kumi na Manne na Keki ya Myriam

Saa moja asubuhi, kambini Kashuga, mashariki mwa Kongo. Athanasie Nyiraneza anakwangua karoti kwenye bati alilolitoboa kwa msumari. Kando yake Mama Céline anasoma majina taratibu, moja baada ya jingine. Ni majina ya waume na watoto waliopotea tangu akina mama sita wa kikundi chao cha kuoka keki walipokimbia vijiji vyao.

Keki ya leo ni ya harusi ya Myriam, binti wa jirani. Mama yake amekwisha kusema wazi: ikitoka nzito tena, ataagiza Goma, na kikundi kisitegemee kazi nyingine kutoka kwake wala kwa ndugu zake.

Anasema “tena” kwa sababu keki waliyomwokea kwa sherehe ya komunyo ya kwanza kanisani ilishikamana kama sabuni ya kufulia. Wageni walitafuna kwa heshima tu, maskini.

Kila mama kikundini alikuwa na maelezo yake. Karoti zina maji mno; wakazikamua kwa kitambaa. Unga una madonge. Wakauchekecha mara mbili. Moto mkali, wakapunguza makaa juu ya mfuniko wa sufuria. Wapi! Keki ikazidi kukaa chini.

Walikuwa na desturi yao. Wakishachanganya kila kitu pamoja na levire, ule unga mweupe wa kuumulia, walizunguka sufuria na kuliombea kila jina kabla ya kuipandisha motoni. Mwanzoni majina yalikuwa manne. Sasa ni kumi na manne, na levire ikishalowa haimngoji mtu. Inatoa povu lake, na povu likiisha, basi.

Athanasie aliligundua hilo siku Mama Céline alipokaukwa na sauti. Maombi yalikuwa mafupi, keki ikapanda hadi kugusa mfuniko. Akajua. Na kwa wiki tatu akawaficha wenzake.

“Nitaambia bamama namna gani kama maombi njo inaharibu gato?” anasimulia alivyojiuliza kuhusu keki hiyo, macho yakiwa kwenye karoti.

Kulikuwa na jambo jingine lililomuuma zaidi. Jina la mwisho kwenye orodha ni la Jean-Bosco, mume wake, aliyekwenda Walikale kuuza maharage na huu ni mwaka wa tatu hajarudi. Orodha ikikatwa ili maombi yawe mafupi, itakatwa kuanzia mwisho. Alipojikaza kuwaambia wenzake, yeye mwenyewe alisema jina hilo litangulie kutoka.

Mama Céline alikataa katakata. “Hakuna jina itatoka, Mama. Tutaomba wakati wa kukwangua karoti. Levire itangoja mu karatasi yake.”

Ndivyo ilivyo leo. Karoti ya mwisho inapokwisha, Mama Céline anamwachia jina la mwisho, na Athanasie analitamka mwenyewe: Jean-Bosco. Kisha mikono inakwenda mbio. Levire, mwiko unazunguka mara chache, sufuria inapanda motoni.

Mfuniko unapofunuliwa, keki imejaa hadi juu. Mama Céline anaibonyeza kwa kidole, nayo inarudi juu polepole. Hakuna anayepiga vigelegele. Athanasie anajifuta uso kwa kitenge na kusema ni moshi.

Kikundi kinataka kujenga tanuri la udongo kabla ya mwaka kwisha. Athanasie analitaka pia, ila ukimuuliza anachongoja hasa, hataji tanuri.

“Leo karoti na majina vilimalizika pamoja,” anasema. “Batu ba kwenye orodha bakianza kurudi, majina itaisha na karoti ingali inabakia. Njo siku ile ninangoja.”