Wafalme Wanne Ukutani

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, ukutani jikoni kwetu Selly Oak, kule ughaibuni, nilibandika picha ya wafalme wanne wa Rumi. Walichongwa kwa jiwe jekundu, wamekumbatiana wawili wawili. Nilikuwa nasomea historia chuo kikuu, na tasnifu yangu ilihusu hao: wanne waliogawana himaya moja kwa kuwa ilimshinda mtu mmoja.

Wenzangu watatu nyumbani, wauguzi wote, walinicheka. "Mdogo wangu, mafahali wawili hawakai zizi moja," akasema mkubwa wetu, aliyetoka Tanga. "Hawa wanne waliwezaje?"

"Kama sisi," nikamjibu.

Maana nasi tulikuwa na himaya yetu. Binti yangu alizaliwa huko, baba yake akarudi Kenya na kunyamaza kimya. Bila wale watatu ningeacha masomo. Aliyetoka zamu alimpokea mtoto, aliyekwenda zamu alimkabidhi, naye akatuita sote mama. Nilijivunia mpango huo. Ila akianguka, alimkimbilia wa Tanga, hata nikiwa nimesimama karibu zaidi. Iliniuma, sitasema uongo.

Siku moja nilimwinua mbele ya picha. "Mama yuko wapi hapa?" nikamuuliza. Nyuso zile zinafanana, hata wataalamu hubishana nani ni nani. Yeye hakusita, akamgusa mmoja.

"Na mimi?"

Akamgusa wa pembeni yake. Nikacheka, nikaenda kuosha vyombo.

Mpango wa wafalme ulivunjika mkubwa wao alipong'atuka. Waliobaki wakapigana mpaka himaya ikawa ya mmoja. Wetu uliisha kwa upole zaidi. Nilihitimu, ufadhili ukakatika, nami nikafurahi moyoni kwamba sasa mtoto atakuwa wangu peke yangu. Asubuhi ya safari ya kurudi kwetu, wa Tanga alimfunga vifungo vya koti, akavifungua, akavifunga tena.

Nyumbani mama yangu alitupokea kwa vigelegele. Akampakata mjukuu wake, akamtania: "Haya, bibi, mama yako ni nani?"

Nilikuwa nimekaa mbele yao, nikitabasamu, nikingoja.

Mtoto akatazama mlangoni. "Yuko zamu," akasema. "Akitoka, atakuja kunichukua."