Jina Linaloanza na Na

Baba alikuwa akirudi nyumbani na harufu ya solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, ikiwa imechanganyika na mpira ulioungua na vumbi la barabarani. Tulimjua kabla hajafika mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuziba matairi ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka hapa Tunduma, na foleni ilipokuwa ndefu ikafika huku kwetu Chapwa, aliifuata kwa baiskeli, vyuma vyake vya kufumulia matairi vikigongana nyuma kwenye keria. Niliipenda harufu ile. Akiketi kwenye kigoda chake jioni, nilikaa karibu na mkono wake bila kusema kitu, maana mimi tangu utotoni si msemaji. Mwaka nilipokuwa darasa la nne, miezi ile ya baridi baada ya mahindi kuvunwa, ndipo nilipoanza kukaa mbali na kigoda. Niliamini kwamba ile harufu haikuwa ya kwangu.

Sisi ni Wanamwanga, asili yetu Msangano. Baba ni Simbeye, kaka yangu Elia ni Simbeye, na mimi ni Esta Nambeye. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini iko hivyo, kwa sababu jambo ambalo kila mtu analijua hakuna anayekumbuka kumweleza mtoto. Nyumbani niliitwa Esta tu. Mama aliitwa Mama Elia na majirani wote, hata na baba. Jina la ukoo nililisikia shuleni peke yake, nikaliitikia kama nilivyoitikia kengele.

Mwaka huo akaja darasani kwetu Zuhura, binti wa msafirishaji kutoka Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye jagi. Sisi wengine tulikuwa tunaongea Kinamwanga au Kinyiha nyumbani, na tulipoongea Kiswahili tulikuwa kama watu wanaovuka tope, kila neno tunatafuta pa kukanyaga. Zuhura alitusahihisha na tulimshukuru. Alitueleza kwamba jina lake ni la nyota inayong'aa kuliko zote, na kwamba babu yake aliitwa Shabani kwa kuwa alizaliwa mwezi wa Shabani. "Mimi ni Zuhura Omari Shabani," alisema. "Mimi, baba, babu. Kwetu jina la baba halibadiliki hata herufi." Nilimwonea wivu. Jina langu sikujua hata lilikotoka.

Siku moja wavulana walikuwa wakicheza mpira, Elia akafunga goli, uwanja wote ukapiga kelele, "Simbeye! Simbeye!" Zuhura akanigeukia.

"Huyo si kakako?"

"Ndiyo."

"Mbona yeye Simbeye, wewe Nambeye? Na babako je?"

"Simbeye."

Alifikiri kidogo, kama mwalimu kabla ya kutoa alama. "Si, maana yake siyo," akasema. "Babako kakukataa humo humo kwenye jina lake, shoga yangu. Na wewe ni Na. Yaani umekuja na mamako."

Wenzangu walicheka hadi wakashikana mabega. Mvulana mmoja akapaza sauti, "Esta wa kuokotwa! Alidondoka kwenye lori la Kongo!" Nilicheka nao, kwa kuwa sikujua cha kufanya na uso wangu. Zuhura hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa anatafsiri tu, na alitafsiri kwa lugha aliyoijua vizuri kutuzidi. Si ni siyo, Na ni pamoja na. Nani angebisha?

Nilirudi nyumbani nikaanza kuishi kama mgeni. Ugali nilikula tonge chache, kisha nikasema nimeshiba. Mboga nilisubiri Elia achote kwanza. Vyombo niliosha kabla ya kutumwa, na mama akajisifu kwa majirani kwamba mwanawe amekua. Kitandani nililala pembeni kabisa nisichukue nafasi ya watu. Nilichukua kioo cha mama nikatazama pua yangu, kisha nikamtazama baba kwa kuibia, nikihesabu tofauti. Kandambili yangu ilikatika kamba. Mtu mwenye baba fundi wa pancha angempelekea tu, na kipande cha tyubu kingetosha. Mimi niliifunga kwa uzi wa kiroba, nikatembea nikiburuta mguu kwenye vumbi, na baba alipokuwa akija nilikunja vidole niufiche ule uzi. Swali lilikuwa mdomoni kila siku, lakini niliogopa kwamba nikiuliza nitajibiwa.

Ndipo akaja shangazi kutoka Msangano, dada yake baba, na kiroba cha mchele mpya. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili, na sisi watoto tulimjua kwa jina la Shangazi basi. Yeye na mama walikuwa jikoni, mimi napepeta mchele uani, baba akaingia getini na baiskeli yake. Alisimama, akafuta mikono, akaita kwa sauti kubwa ya heshima ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Nambeye!"

Ungo ulinitoka mkononi. Baba hakuwahi kuniita hivyo. Niliona kwamba siku imefika: ameamua kuniita kwa jina la kule nilikotoka, na kinachofuata ni kufungasha. Nikasimama, nikasema, "Abee." Na kutoka jikoni sauti nyingine ikasema, "Abee, kaka yangu!"

Shangazi akatokea mlangoni na mwiko, ananishangaa. "We binti, unaitikia salamu yangu? Nambeye anayesalimiwa ni mimi!"

Nikauliza bila kutaka, "Shangazi, na wewe siyo wa kwao?"

Ilibidi niseme yote, kidogo kidogo, huku nikitazama mchele uliomwagika. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini kizingitini. "Mama Elia, njoo usikie! Mnamfundisha nini mtoto huku mjini? Ukoo ni mmoja, mama! Si ni ya wanaume, Na ni yetu wanawake. Baba yako akizaa binti, atamwita Si, kwani ana ndevu?" Mama alicheka pia, na Elia akacheka kuliko wote. Baba peke yake hakucheka. Alitazama mguu wangu, ule uzi wa kiroba, kwa muda mrefu.

"Sasa siku zote hizi," aliuliza polepole, "ulikuwa unakula kwa nani?"

Alichuchumaa akaivua ile kandambili mguuni mwangu, akakata kipande cha tyubu, akapaka solusheni, akasubiri ikauke kama anavyofanya kwa tairi la mteja. Hakuniuliza tena. Aibu niliyoipata uwanjani ilikuwa ndogo. Kubwa ni hii ya kumfanya baba asimame uani kwake, mbele ya dada yake, akihesabiwa kuwa mtu baki na mtoto aliyemlisha. Hata sasa akinitembelea namwekea sahani iliyojaa kupita kiasi, na mimi nakula sana mbele yake.

Siku hizi nashona nguo karibu na mpaka. Wateja Wanamwanga kutoka ng'ambo, Zambia, wakisikia Nambeye wanajua mara moja mimi ni binti wa ukoo gani, tunasalimiana kama ndugu. Lakini upande huu mambo yamebadilika. Binti wa Elia, aliyeanza chekechea, ameandikishwa Simbeye kama baba yake, kwa sababu Elia anasema jina likitofautiana ni usumbufu ofisini, na pengine anakumbuka uwanja ule. Simlaumu. Juzi mtoto huyo alikuwa anachezea vipande vya vitambaa chini ya cherehani yangu, akainua uso akaniuliza, "Shangazi, mbona wewe ni Nambeye na sisi wote Simbeye? Wewe siyo wa kwetu?"

Nilisimamisha cherehani. Nilitaka kucheka kama shangazi alivyocheka, lakini uso uliniwaka moto uleule wa zamani. Kwa hiyo badala ya kumweleza nikamwita kwa heshima, kama baba alivyoita siku ile getini: "Nambeye."

Hakuitika. Aligeuka nyuma, akatazama mlangoni kuona ni nani anayeitwa.