Maneno ya Hemedi kwenye Karatasi ya Vitenge

Emérence alikuwa binti wa Paluku, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Butembo akafungua duka Kisangani wakati barabara bado inapitika. Kaka zake wote walibaki dukani. Yeye peke yake alichagua ualimu, na kila Jumapili baada ya misa walimtania bila kuchoka.

"Madame wa chaki, wiki hii umeuza herufi ngapi?"

Alicheka tu. Alijua jambo ambalo wao hawakulijua. Alipokuwa mdogo alishindwa ba-be-bi-bo-bu mwaka mzima. Kusoma kulimwingia nyumbani, juu ya maboksi ya sabuni na samaki wa kopo, kwa sababu alitaka kujua ndani mna nini.

Basi alipopewa darasa la pili, katika shule ndogo ya Kabondo yenye mabati yanayovuja, akatunga mpango wake mwenyewe wa kusomesha. Kila Jumatatu mtoto mmoja alisimama na kusimulia jambo lililompata. Madame aliandika aliyosema kwenye karatasi kubwa ya kahawia, ile inayofunika marobota ya vitenge, akaibandika ukutani. Darasa likasoma hadithi nzima, siku ya kwanza, ya pili, mpaka wameizoea. Ndipo wakatoa sentensi moja, kisha neno moja, na herufi zikaja Ijumaa, mwisho kabisa. Watoto walizipokea kama watu wanaowajua.

"Wewe unajenga nyumba kwa kuanzia mabati," Micheline, mwalimu wa darasa la kwanza, alimwambia.

"Wakikaa kivulini watajenga kuta bila kuungua," Emérence alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Kabla ya Noeli hadithi zilikuwa kumi na mbili. René, mkuu wa shule, alipita ukutani mikono nyuma, akizisoma zote.

"Madame, hii kazi iko muzuri. Lakini inspekta ya mashule atakuya mwezi wa tatu. Akikubali, donc mashule ingine itafuata. Sasa angalia. Huyu anasema papa yake alilewa. Huyu anasema aliiba mukate. Inspekta atauliza, fundisho iko wapi? Utamujibu nini?"

Hakuwa mtu mbaya, René. Alimtakia mema. Na Emérence, kwa kuutaka sana mpango wake uendelee, alimsikiliza.

Likizo nzima ya Noeli alikaa na daftari jipya, akinakili hadithi zile na kuzisafisha moja baada ya nyingine. Baba mlevi akawa mkulima hodari. Bibi mwenye matusi akawa bibi mwenye sala. Hadithi ya Hemedi, iliyokuwa ya wizi wa mkate, ikawa hivi: "Asubuhi Hemedi anamsaidia mama yake. Anaosha mikono. Anasema, asante mama."

Likizo ilipokaribia kwisha, karatasi za ukutani hazikuwa na kazi tena, na mvua ilikwishazilowesha pembeni. Zaina, mama yake Hemedi, alikuwa akikaanga mikate kando ya barabara, yale maandazi madogo ya mviringo, na kama wauzaji wote alizunguka mashuleni kuomba karatasi za kufungia. Shule zote humpa. Hakuna anayefikiri mara mbili. Emérence alizikunja zote kumi na mbili akampa, na Zaina akamwachia bakuli zima la mikate kwa shukrani.

Shule ilipofunguliwa, Hemedi alihudhuria siku nne. Siku ya tano homa. Walimpeleka kituo cha afya, wakamwekea maji ya mshipani, na alfajiri ya siku ya tatu akiwa pale akafariki. Alikuwa na miaka minane. Emérence alikwenda msibani na watoto wa darasa, wakakaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, akatoa pole.

Arobaini ilipokwisha, Zaina alikuja shuleni saa ya mapumziko. Alikaa kwenye dawati la mbele, magoti yake hayaingii.

"Madame, watoto wanapita kwangu, wananiambia maneno ya Hemedi iko mu buku yako. Mimi sikusoma. Nimekuya unisomee."

Emérence alitoa daftari. Alisoma ile ya kuosha mikono. Zaina alisikiliza hadi mwisho, akangoja kidogo, kama kuna ukurasa mwingine.

"Ni hiyo?"

"Ni hiyo, Mama Hemedi."

"Hemedi hakukuwa ananawa mikono. Nilikuwa namupiga sababu ya mikono." Alitikisa kichwa taratibu. "Huyu ni mutoto ya mutu mwingine, Madame. Yangu alisema nini?"

Hapo Emérence alimweleza. Kwamba yale ya kwanza hayakuwa haya, kwamba aliyabadilisha kwa ajili ya inspekta.

"Bon. Basi ile ya kwanza. Iko wapi?"

Angeweza kusema imepotea. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini yule mama alikuwa akimtazama bila hasira yoyote, na uongo ukamshinda.

"Nilikupa wewe, baada ya Noeli. Zile karatasi za kufungia."

Zaina hakulia. Aliitazama mikono yake.

"Ile kubwa ya kahawia," akasema. "Zilikuwa nguvu. Hazikunywa mafuta sana." Kisha akainuka, akafunga kitenge chake vizuri, akaondoka.

Siku ile alasiri Emérence hakufundisha hesabu. Aliketi mbele ya watoto arobaini na saba akawauliza nani anakumbuka hadithi ya Hemedi. Mikono ikapanda yote.

"Aliiba mukate ya moto," Nadia akaanza, "akaweka mu mufuko ya shati."

"Haiko mufuko. Chini ya kofia."

"Mu mufuko! Kofia alisema siku ingine. Ikamuunguza, akaanza kucheza."

"Mama yake alizani siafu inamuuma," Djuma akasema, akatoka mbele na kuruka mguu mmoja kama Hemedi alivyoruka siku ile. "Akamumwangia maji."

"Maji ya kuosha sahani."

"Ndiyo, ile chafu. Halafu mukate ikaanguka kwa shati, mama akaiona. Wakacheka, mikate mu sufuria ikaungua yote."

Emérence aliandika kwa haraka, kwenye karatasi mpya ya kahawia, kama walivyosema. "Na mwisho? Alimaliza na neno gani?"

Hapo hawakupatana. Mmoja alisema hivi, mwingine vile, Nadia akaanza kulia. Emérence mwenyewe alijaribu. Alimwona mtoto amesimama, meno mawili ya mbele hayapo, mdomo unasema jambo na darasa zima linaangua kicheko. Sauti haikuja. Wakati ule alikuwa ameinamia karatasi, akiwaza neno "aliiba" litakavyopokelewa. Hakumsikiliza.

Akaacha nafasi ya mstari mmoja wazi.

Hadithi nyingine pia akazirudisha kwa watoto, mmoja mmoja. Baadhi walikumbuka. Wengine walikwishajifunza zile za daftari, wakazikariri hizo hizo wakidhani ni zao, na hilo lilimuuma kuliko yote. Pamoja na ya Hemedi aliokoa tano, akaziandika daftarini. Zile alizozisafisha alizichana zote.

Inspekta alifika, mtu mpole mwenye miwani, akasikiliza watoto wakisoma na akawasifu. Halafu akafungua daftari lenye kurasa tano.

"Tano tu kwa muhula mzima, Madame? Na hii ya tano ina mstari mtupu."

"Ndiyo, bwana inspekta."

"Sitaweza kupeleka programu namna hii kwa shule nyingine."

René alimtazama Emérence, akitaka aseme neno. Emérence akalipokea daftari lake. Iliandikwa kwamba darasa la pili lirudi kwenye kitabu cha silabi kuanzia mwezi wa tisa, na ndivyo ilivyokuwa.

Jioni ile alishuka hadi kwa Zaina. Jua lilikuwa bado lipo, sufuria imekaa motoni, wateja wachache. Zaina alimsogezea kibao.

"Keti, Madame. Umekula?"

"Nimekuletea," Emérence akasema, akaifungua karatasi magotini na kusoma: wizi, mfuko, siafu, maji machafu. Zaina aligeuza mikate huku akisikiliza. Kwenye maji machafu mabega yake yakaanza kutikisika, na haikujulikana kama ni kicheko. Akainama, akaweka kidole chenye unga mahali palipo wazi.

"Na hapa kuko nini?"

"Hapo alisema neno la mwisho. Watoto hawakumbuki vizuri."

"Na weye?"

"Sikumbuki, Mama Hemedi. Naomba unisamehe."

Zaina aligeukia sufuria. Alitoa mikate iliyoiva, akatia donge jingine, akajifuta macho kwa kiwiko.

"Usiweke yako," akasema mwishowe. "Soma tena. Ukifika hapo, nyamaza."

Emérence akasoma tena, polepole. Alipofika, akanyamaza, na wote wawili wakakaa hivyo, mafuta yakichemka mbele yao, mpaka mteja akaja akaomba mikate minne.