Mtoto wa Mkoko Kisangani

Enzi za Zaire kaka yangu alipata kazi Moanda, mto wetu unapoingia baharini. Kila meli ilipopiga honi, mama aliacha chungu motoni akakimbilia bandarini. Siku moja alirudi na mche tu, kijiti cha kijani katika kitambaa kibichi, pamoja na barua.

"Kaka ametuma mkoko," nilimweleza baada ya kuisoma. "Mbegu huota ikiwa bado juu ya mti. Ikianguka, huelea mpaka tope la kisiwa kingine. Bahari hujaa na kupwa, basi visiwa hupelekeana watoto, vikabaki ndugu."

"Bon. Lakini mto yetu inashuka tu. Mutoto wangu atapanda na nini?"

"Na meli, mama."

Akausimika mche kwenye beseni la tope. Honi ilipolia tena, aliumwagilia kwanza, halafu akakimbia.