Vijidudu vya Temeke Vilipohamia Msasani

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, mwalimu asiye na mradi alionekana kama mgonjwa. Mwenzangu wa Hisabati alifuga kuku wa kisasa kwenye stoo ya michezo. Wa Jiografia aliwauzia wanafunzi wake barafu za ukwaju. Mwalimu wa Siasa, aliyetueleza miaka nenda rudi ubaya wa ubepari, alikuwa na meza ya mitumba, na kwa kupandisha bei hakuna aliyemfikia. Mie nilifundisha Baiolojia katika sekondari moja ya Temeke, na mradi wangu ukawa Mzungu wa vijidudu.

Aliletwa kwangu na mkuu wa shule, maana mgeni huyo alitaka mtu anayejua mambo hayo na anayejua mitaa. Alikuwa kijana mrefu mwenye ndevu nyekundu na kandambili za ngozi. Kiswahili alikuwa amejifunzia kwenye kanda za zamani, kwa hiyo yeye alimwita kila mtu "ndugu", hata waliokuwa wameshaacha udugu wakahamia kwenye "bosi". Akajitambulisha kuwa ni msanii. Nikamwuliza picha zake ziko wapi.

"Sichori, ndugu mwalimu," akasema. "Ninaotesha."

Alifungua sanduku lake. Lilikuwa limejaa visahani vidogo vya kioo vyenye vifuniko, vile ambavyo maabara yetu iliviona kwenye vitabu tu. Akanieleza kwamba atapita mitaani na vijiti vya pamba, apangusie vitasa vya milango, mitungi, viti vya vinyozi, kisha ile pamba aigusishe kwenye visahani vyenye chakula cha vijidudu. Vijidudu vitaota, kila kimoja na rangi yake, na visahani vitapangwa juu ya meza kubwa viwe ramani ya Dar es Salaam nzima.

"Jiji hili lina wakazi wengi kuliko binadamu," alisema, macho yakimng'aa. "Hakuna aliyewahi kuwauliza wao wanalionaje."

Hata sie binadamu tulikuwa hatujaulizwa, lakini nikamsaidia kubeba sanduku. Alikuwa ameshataja posho.

Nilimpeleka nyumbani kwa mama yangu, nilikokuwa naishi. Mama alikuwa mjane, mwenyeji wa Dar toka enzi za babu yake, mwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na biashara ya vitumbua barazani. Mgeni akamwamkia "shikamoo, ndugu mama", na mama akaitikia huku akinitazama mie kwa jicho la kuuliza nimeokota nini.

"Tunataka kuwaonyesha wakazi wasioonekana," mgeni akamweleza.

"Wasioonekana?" Mama akaweka mwiko chini. "Unawataka wa nini?"

"Wako kila mahali, ndugu mama. Mlangoni, jikoni, chooni."

"Chooni hasa," mama akakubali. "Ndiyo maana mie simwagi maji ya moto bila kupiga bismillahi. Lakini mwanangu, hao hawapigwi picha. Watakukasirikia."

Ilinichukua muda kumweleza kwamba haya hayakuwa majini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Nimekusomesha mpaka chuo," akasema, "uje kuokota uchafu wa watu na pamba."

Tatizo la kwanza likawa chakula cha hao wakazi wasioonekana. Unga maalumu wa kugandisha ulikuwa umepotelea uwanja wa ndege, na madukani, pamoja na ruksa yote ile, palikuwa na jamu za aina tatu na dawa za kunyoosha nywele, lakini unga huo haukuwapo. Nikakumbuka supu ya makongoro ikilala inaganda. Tukanunua kwato, mama akachemsha kutwa nzima kwenye sufuria la shughuli. Majirani waliposikia harufu wakaanza kuingia mmoja mmoja wakiuliza hali, wakabaki. Hadi alasiri wapangaji wote walikuwa wamekaa uani wakisubiri kuitwa, na jirani mmoja alikuwa ameshavaa kanzu.

"Nani anaolewa?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Tukawagawia nusu ili amani iwepo. Nusu iliyobaki tukaimimina kwenye visahani. Iliganda vizuri alfajiri, jua lilipopanda ikarudi kuwa supu. Mgeni alivitazama visahani vyake vikicheza kama madimbwi. Mwishowe tukapata mwani kutoka Unguja, ambako kina mama walikuwa wameanza kuulima kuwauzia watu wa nje. Mama akauchemsha pamoja na mchuzi wa mifupa na sukari kidogo, ukaganda, ukakubali joto la Temeke.

Tatizo la pili lilikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Tangu vyama vingi vilipoingia, mzee wa watu hakujua tena kama yeye ni serikali, ni chama, au ni mstaafu, na alikuwa akitafuta jambo la kusimamia. Alipopata habari kwamba Mzungu atapita nyumba kwa nyumba kupima vijidudu, alivaa suti yake ya Kaunda, akachukua filimbi, akapita akitangaza: "Kesho ukaguzi! Nyumba itakayokutwa na kijidudu itanijua!"

Sijawahi kuiona Temeke safi namna ile. Watu walisugua milango kwa majivu, wakamwaga dawa vyooni, wakawasugua watoto mpaka wakalia. Kinyozi aliloweka kiti chake kwenye maji ya sabuni, kikavimba, kikakataa kuzunguka. Tulipopita na vijiti vyetu, kila tulichogusa kilinuka dawa. Siku zikapita, visahani vikabaki vyeupe. Mgeni alikaa kwenye mkeka wa mama ameshika kichwa.

"Nyie watu mmewaua wote," akasema kwa uchungu wa kweli.

Nikaenda kwa mjumbe. "Mzee wangu, shikamoo. Huyu mgeni hatafuti usafi. Anawataka hao vijidudu. Ni sanaa."

Mjumbe alitafakari. "Kwa hiyo atakayekuwa navyo vingi ndiye atakayeonekana?"

"Ndiye atakayeonekana kwenye maonyesho."

"Kwa nini hukusema mapema, mwalimu?" Akachukua filimbi yake tena.

Kilichofuata sikukitegemea. Mama mmoja aliacha sufuria la ugali bila kuoshwa, akawapiga marufuku wanawe wasilisogelee. Wapangaji wetu wawili, waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya zamu ya kufagia choo, walipatana wasikifagie kabisa. Visahani vilipoanza kuota, watu walikuwa wakipita nyumbani kuvitazama kama wanavyotazama mtoto mchanga. Fundi viatu alipata cha njano na akawa anakionyesha kwa wateja. Kinyozi alipata cha kijani chenye manyoya. Mjumbe alipata kidoa kimoja cha kijivu, akadai kwamba kwa cheo chake haiwezekani, akaomba apanguswe upya, safari hii kwapani.

Kizuri kuliko vyote kilitoka kwenye mfuniko wa ndoo ambamo mama alichachusha unga wa vitumbua. Kiliota viduara vya rangi ya waridi, vimejipanga kama pindo la khanga mpya. Mama, ambaye mpaka siku ile alituita waokota uchafu, alikitazama akiwa amejishika kiuno.

"Hivi hivi ndivyo vinavyonisaidia kuumua unga?"

"Ndugu zao ndio, mama."

"Basi kumbe tunafanya kazi pamoja," akasema, akaenda kutafuta kitambaa cha kukifunikia.

Kinondoni, Kimara na Chanika tulikwenda bila makeke. Chanika mkulima mmoja alitupangusisha mbuzi wake wote. Ilibaki Msasani, kwa wenye fedha.

Huko alikuwako mfadhili wetu. Alikuwa mfanyabiashara wa sabuni za kutoka nje, na alikuwa amekubali kulipia ukumbi na vinywaji kwa sharti kwamba bango la sabuni yake litundikwe mlangoni. Nilimwuliza mgeni kama haoni ajabu maonyesho ya vijidudu kulipiwa na sabuni. Akasema sanaa hukaa vizuri ndani ya mkinzano. Nikaona kwamba mitaani kwetu nasi tungekaa vizuri, maana mkinzano tulikuwa nao wa kutosha.

Jumba la mfadhili lilikuwa na marumaru, zulia toka ukuta hadi ukuta, na kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji ndani ya beseni nyuma ya kochi. Mwenyewe alituelekeza kwa tabasamu tupanguse popote. "Hapa mtatoka mikono mitupu," akasema. Mgeni alipangusa zulia, beseni na simu.

Vilipoota, hata mie mwalimu wa Baiolojia nilirudi nyuma. Kisahani cha Msasani kilikuwa cheusi, cha machungwa, na cha rangi nyingine isiyo na jina, kimeinua mfuniko kama uji unaofurika. Mgeni alifurahi mpaka machozi. Mfadhili alipoletewa habari hakufurahi.

Walizungumza wawili wale ofisini, mie nikisubiri nje. Mgeni alipotoka alikuwa mpole kupita kiasi.

"Tutabadilisha vibandiko," akaniambia. "Kile cha pinki cha ndugu mama kitakuwa Msasani. Hiki kitakuwa Temeke."

"Lakini si kweli."

"Ndugu mwalimu, vijidudu havijui mipaka ya kata. Ni sie binadamu tunaoweka majina. Kwa mtazamo wao, hakuna Temeke wala Msasani."

"Kama hakuna, mbona mfadhili anachagua?"

Nilimwambia wazi kwamba mama hatakubali. Akacheka, akasema mama hataweza kukitambua, visahani viko mia na ushei na vyote vina vifuniko sawa. Huyo alikuwa hajapata kumwona mama akitambua ndoo yake kisimani.

Siku ya ufunguzi sie watu wa Temeke tulikodi gari, tukaingia mjini na nguo za Idi. Ukumbi ulikuwa na baridi ya kiyoyozi na watu waliojua kushika glasi. Ramani ilitandazwa katikati chini ya taa, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Barabara ya Morogoro ilikuwa mstari wa vidoa vyeupe mpaka Kimara, na Chanika ilikuwa ya kahawia, ya mbuzi. Mgeni rasmi, kiongozi mmoja mwenye kitambi cha heshima, alikata utepe na kuipongeza sabuni.

Kisha wakaanza kuzunguka meza. Mama mmoja wa Kizungu aliinamia kile cheusi, akasoma kibandiko, akaweka mkono kifuani. "Maskini," akasema, "ona wanavyoishi." Mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa huzuni, akaahidi kwamba serikali inalifanyia kazi suala la Temeke. Wakasogea kwenye kile cha waridi, wakasema hivi ndivyo sehemu iliyoendelea inavyokuwa. Mfadhili aliinamisha macho kwa unyenyekevu.

Mama alikuwa nyuma yao na buibui lake.

"Hiki changu," akasema.

Watu wakageuka. Mfadhili akamwambia kwa upole, "Hapana, mama. Soma hapo. Msasani."

"Kusoma sijui, baba. Lakini mtoto wangu namjua hata akivalishwa nguo ya mwenziwe." Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesoma. Hiki cha nani?"

Ukumbi wote ulinitazama, na mgeni wangu alinitazama kuliko wote. Nikajibu, "Cha kwako, mama. Kimetoka kwenye ndoo ya vitumbua, Temeke. Kile cheusi ndicho cha Msasani, kimetoka kwenye zulia."

"Haiwezekani!" Mfadhili alisahau unyenyekevu.

"Tunuse basi," mama akasema, na kabla sijamzuia alikuwa ameshafunua kisahani chake na kukipeleka chini ya pua ya mgeni rasmi. Yule mheshimiwa, bila kupenda, alivuta pumzi. Uso wake ukalainika.

"Vitumbua," akasema polepole, kama mtu aliyeitwa na mamake.

"Umesikia? Sasa tufunue na cha zulia."

Kile hakikuhitaji kusogezwa puani. Kilipofunuliwa tu, mgeni rasmi alikumbuka kikao kingine, na glasi zote zikaelekea mlangoni. Mfadhili alibaki kule karibu na bango lake, akijifuta kwa leso. Nilimwona mama akifunika visahani vyote viwili taratibu, asije akaviumiza.

Gazeti moja liliandika kwamba wakazi wa Temeke wamedai kurudishiwa vijidudu vyao. Mjumbe alilibandika ukutani kwake, akaanza kuuliza kama kuna fidia. Mgeni wetu hakukasirika hata kidogo. Alisema tukio lile ndilo sanaa yenyewe, kwamba alilipanga hivyo tangu mwanzo, na alipokwenda kwao alitutumia picha ya mama akinusisha kisahani, iliyoandikwa chini jina lake yeye, si la mama. Mfadhili aliongeza mauzo. Watu waliosikia habari za zulia la Msasani walikimbilia kununua sabuni.

Kuhusu ramani, nilishikilia kwamba lazima ichemshwe yote kabla ya kutupwa, na katika hilo mgeni alinisikiliza kwa huzuni. Mama alikataza sufuria lake lisitumike. Tukachemshia kwenye pipa la lami, uani kwa fundi viatu, na watu walikuja kuaga vidoa vyao.

Visahani vilibaki vizima, vikang'aa. Mgeni akaviacha viwe mali ya shule. Nilivipeleka nikiwa na furaha ya ajabu. Kwa mara ya kwanza wanafunzi wangu wangeona kwa macho kile nilichokuwa nakichora ubaoni kwa chaki. Mkuu wa shule alivipokea mbele ya paredi, akatoa hotuba ndefu juu ya sayansi na maendeleo. Halafu akavifungia kwenye kabati la ofisini kwake, visije vikavunjwa na wanafunzi.