Haki ya Mwosha Maiti

Mwanne wa Msimbu alikuwa na uso wenye makovu ya ndui, vishimo vimejaa kutoka paji la uso mpaka kidevuni. Aliugua utotoni, akapona, na ugonjwa ule haukumgusa tena. Siku za kawaida walimwita Mwanne Makovu na kumcheka kisimani. Lakini ndui iliporudi, miaka michache baada ya vita vya Hitla, ghafla akawa mtu wa kubembelezwa, awauguze wagonjwa na kuwaosha waliokufa.

Jirani yake Biubwa alifariki kwa ndui mwezi wa Ramadhani. Ndugu wakasimama mbali. Wale wanaojigamba kufukuza nguruwe pori kwa rungu, siku ile kila mmoja alikuwa na kazi shambani. Basi Mwanne akaingia ndani peke yake, akamwosha maiti taratibu, akamsitiri.

Kwa desturi ya kule, nguo za marehemu ni haki ya aliyemwosha. Mama yake Biubwa akampa doti ya kanga, mpya kabisa, bado ina dondo la dukani, ule ugumu wa wanga unaotoka nguo ikifuliwa. Siku ya mwisho alikuwa amemfunika nayo mwanawe, asije akafa ndani ya matambara.

Mwanne alikuwa na mtoto mmoja tu, Zubeda, aliyeolewa Kibaha, na Idi ilikuwa inakaribia. Alioga, akafua nguo zake zote kwa maji ya moto. Kanga akaiacha vilevile. Nani anafua nguo ya Idi kabla haijavaliwa? Akaifunga vizuri, akajitwisha, akashika njia.

"Shikamoo mama," Zubeda alimpokea. "Mbona nasikia huko kwetu kuna ndui?"

"Marahaba mwanangu. Mimi hainipati. Ilishanila ikashiba."

Wakacheka. Zubeda akaifungua kanga, akajifunika nayo uso mzima kuvuta ile harufu ya upya. Siku ya Idi akaivaa, na wifi zake wakamwonea wivu waziwazi.

Mwanne alikuwa amesharudi Msimbu habari zilipomfikia: Zubeda ana homa kali, mgongo unamkatika. Alipofika Kibaha, vipele vilikuwa vimeshatoka usoni, mikononi, hata kwenye nyayo. Dresa wa serikali, mganga msaidizi wa zahanati, alikuwa uani, anawachanja watu wa nyumba ile.

"Mgonjwa gani alikuja hapa?" dresa aliuliza.

"Hakuna. Nilikuja mimi tu, na mimi siugui."

"Ulileta nini, mama?"

Mwanne akamweleza habari ya kanga. Dresa hakumkaripia, na afadhali angemkaripia.

"Ndui haisafiri na mgonjwa peke yake," alisema. "Inakaa kwenye usaha na magamba ya vipele, inashika nguo. Wewe mwili wako unaijua, unaizuia. Lakini nguo haina kinga, na mwanao hakuwahi kuugua wala kuchanjwa."

Mwanne akaikumbuka ile siku ya kufua. Maji ya moto alikuwa nayo. Sabuni alikuwa nayo. Aliyaona mapenzi yake kwa mwanawe yote yamefungwa ndani ya lile furushi, na akayachukia.

Zubeda alifariki Ijumaa. Hapakuwa na wa kumwosha ila mama yake. Alimwosha kwa mikono ile ile, polepole kuliko alivyowahi kumwosha mtu yeyote, akimwita kwa jina lake la utotoni.

Baada ya mazishi, mama mkwe wa Zubeda, Mwanajuma, alimtolea nguo za marehemu. Hakuwa na ubaya wowote. Alifuata desturi tu.

"Pokea, mkwe wangu. Ni haki yako."

Juu kabisa ilikuwa ile doti ya kanga. Mwanne akaichukua nyuma ya nyumba, akawasha moto. Alipoishika aitupe, akaona imekuwa laini, dondo lote limetoka. Zubeda alikuwa ameshaifua, baada ya kuivaa Idi.