Tawi Juu ya Kihenge

Miaka ile ya ruksa kila kitu kilipita mpakani Kasesya: sabuni, mitumba, betri, na unga mweupe wa kuzuia bungua, uliouzwa gulioni kwa kijiko, ukifungwa kwenye kipande cha gazeti. Mama aliupenda. Maharage yalikaa mpaka masika bila tundu hata moja.

Kisha bwana shamba akasimama nje ya kanisa letu, Mwazye, watu wakitoka misa, akasema unga ule ni sumu, mwenye nao aufukie. Tulimpigia makofi. Hakuna aliyeufukia. Kila nyumba ilijenga kihenge cha pili: kimoja cha maharage yenye unga, ya kuuza mjini Sumbawanga, kingine cha yasiyo na unga, ya kula. Ili asichanganye, mama alichomeka tawi lake la Jumapili ya Matawi kwenye kile cha kula. Wakati ule niliona ni akili. Walaji wa mjini hatukuwajua.

Bungua nao hawakuhitaji kutangaziwa. Walihamia wote kwenye kihenge chenye tawi, na masika yalipokolea tulikuwa tunapepeta vumbi. Barabara ilikatika, lori la mnunuzi halikuja. Dada yangu alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, na njaa yake ilikuwa ya watu wawili.

“Mama, si yana sumu hayo?” aliuliza.

“Nitayaosha, mwanangu. Sasa utakula nini?”

Aliyaosha kweli, kwa maji ya moto na majivu, mpaka vidole vikakunjamana. Kabla ya kuinjika chungu, alilichomoa lile tawi kwenye kihenge kitupu, akalichomeka kwenye kile cha kuuza. Tukala.

Mimi niliumwa tumbo tu. Dada alitapika, akatetemeka, na mtoto akatoka akiwa amekufa kabla hatujapata watu wa kumbeba mpaka zahanati. Kule hawakusema ni nini. Mimi sina shaka, na tangu siku ile tangazo lolote la hatari linanichosha tu, maana najua tutakavyolisikiliza.

Baada ya mavuno yaliyofuata, mama alirudi kutoka gulioni na kifurushi kile kile cha gazeti. Dada alishika kifuniko cha kihenge, mama akanyunyiza. Safari hii walijenga kihenge kimoja tu, na tawi jipya likachomekwa juu yake.